Uso wa mzee umetoka na ukijani: kuchapa picha nyeusi na nyeupe kwa printa ya wino

«Habari za kazi, mtaalamu. Nina steshenari ndogo hapa Mtwara mjini. Natumia printa ya matanki sita, karatasi ya glosi ya A4, na picha nazitengeneza kwenye Photoshop. Picha za rangi na pasipoti saizi zinatoka vizuri, wateja hawalalamiki. Shida yangu ni nyeusi na nyeupe. Watu wananiletea picha za wazee wao, vipicha vya zamani vya sentimita sita kwa tisa, nivisafishe na kuvikuza hadi A4. Kwenye kompyuta picha ni safi kabisa. Ikitoka, uso wa mzee una ukijani, na koti lake limekuwa giza tupu, hata vifungo havionekani. Ajabu ni kwamba usiku chini ya taa ya dukani naiona sawa, asubuhi nikiitoa nje ni kijani. Nikichagua Grayscale ukijani unaondoka, lakini picha inakuwa na vidoadoa kama imenyunyiziwa mchanga. Nimeosha hedi, kile kichwa cha printa kinachotema wino, mara saba kwa siku moja, wino umeshuka na mabadiliko hakuna. Jirani ananishauri nijaze wino mweusi kwenye matanki yote sita. Nifanyeje?»

Salama, ndugu yangu. Kabla ya yote, usijaze wino mweusi kwenye matanki mengine, na leo usioshe hedi tena. La kwanza litakuharibia mashine. La pili limeshakula wino wako bure. Yaliyobaki yanarekebishika, na mengi hayadai pesa bali subira na karatasi chache za majaribio.

Umeniletea malalamiko manne kwenye furushi moja: ukijani usoni, koti lililozama gizani, vidoadoa, na picha inayogeuka usiku na mchana. Hayana chanzo kimoja, na ndiyo maana dawa moja ya kuosha hedi haikukufikisha popote.

Wengi wanapotezwa na dhana kwamba picha nyeusi na nyeupe huchapwa kwa wino mweusi. Tazama matanki yako: nyeusi, sayani (buluu ya maji), majenta (waridi iliyokolea), njano, sayani hafifu na majenta hafifu. Tanki la kijivu halipo. Uso wa mzee karibu wote ni kijivu cha kati na kijivu kilichofifia, na printa inauunda kwa kuchanganya matone ya rangi, hasa yale hafifu mawili pamoja na njano. Wino mweusi unaingia kwa wingi kwenye giza: nywele, koti, kivuli cha nyuma. Ungeingizwa mapema usoni, ungeziona nukta zake zimetawanyika kama pilipili manga kwenye wali.

Kwa hiyo chungu chako cha kijivu kimekaa juu ya mafiga matatu: sayani, majenta na njano. Figa moja likititia kidogo tu, chungu kinainama, na upande kinakoinamia unakuambia ni figa lipi. Majenta ikipungua, kijivu kinakwenda kwenye kijani. Sayani ikipungua, kinakuwa chekundu. Njano ikipungua, kinakuwa cha buluu. Wewe unaona kijani, basi ama majenta ni chache kuliko inavyotakiwa, ama sayani na njano zimezidi.

Utaniuliza, mbona picha za rangi ziko sawa? Haziko sawa. Zina kasoro ileile, ila haionekani. Mteja aliyevaa kitenge hawezi kujua kama kijani cha kitenge chake kimesogea kidogo, na ngozi ya mtu inavumilia mengi. Kijivu hakina pa kujificha, kwa sababu pembeni yake kuna weupe wa karatasi na jicho linalinganisha palepale.

Sasa tumtafute mkosaji, na tuanze na faili lenyewe, maana mara nyingi printa inasingiziwa. Kwenye Photoshop fungua dirisha la Info, peleka kishale cha mausi shavuni kwa mzee na usome namba tatu za R, G na B, yaani nyekundu, kijani na buluu. Zikiwa sawa, tuseme 142, 142, 142, faili lako ni safi. Zikiwa 138, 145, 139, ukijani umo ndani ya picha na umetoka kwenye skana, ila mwanga mkali wa skrini ya laptopu umekuficha. Hapo ondoa rangi kwa amri ya Black & White, kisha baki kwenye RGB, usigeuze faili liwe la Grayscale. Draiva nyingi za printa za ofisini, yaani programu zinazoendesha printa kutoka kwenye kompyuta, zinaishughulikia RGB kwa uhakika zaidi.

Faili likiwa safi, nenda kwenye nozeli, vile vitundu vya hedi vinavyotema wino. Chapa ule ukurasa unaoitwa Nozzle Check kwenye menyu ya matengenezo, uutazame kwenye mwanga wa dirishani. Majenta hafifu ni rangi ya kuvizia. Mistari yake imefifia kiasi kwamba pengo la nozeli mbili tatu linapita bila kuonekana, na ndiyo rangi inayoshika sehemu kubwa ya uso wa mtu. Njano ni mbaya zaidi kuiona. Ingia chumba chenye giza, fungua picha ya buluu tupu kwenye simu, na umulike ukurasa kwa mwanga huo: mistari ya njano itageuka myeusi na mapengo yatajitokeza. Kidokezo kingine ni huu: ukijani ukiwa kwenye kijivu cha juu tu, usoni na kwenye shati, huku giza liko sawa, mtuhumiwa wa kwanza ni majenta hafifu. Ukiwa umeenea kila mahali kwa kiasi kimoja, nozeli achana nazo, tafuta kwenye karatasi, wino au mipangilio.

Ukikuta mapengo, osha mara moja, chapa Nozzle Check, tazama. Ukirudia mara tatu bila mafanikio, simama. Izime printa na uiache masaa 12 bila kuigusa, yaani tangu jioni mpaka asubuhi, ndipo uchape Nozzle Check tena. Sababu ya kusubiri ni ya kimaumbile. Kuosha maana yake pampu inafyonza wino kupitia hedi na kuumwaga kwenye sponji iliyo chini ya mashine. Ukifyonza mfululizo, viputo vya hewa vinaingia kwenye njia za wino, na nozeli iliyokuwa wazi asubuhi inaziba mchana. Kiputo hakiondolewi kwa nguvu, kinahitaji muda wa kupanda na kuyeyuka. Zile mara saba zako zinaweza kuwa zimeongeza mapengo kuliko yaliyokuwepo. Pia zimejaza sponji, na sponji ina hesabu yake ndani ya mashine. Ikifika kikomo, printa inakataa kufanya kazi.

Hapa kwetu kuna jambo la umeme ambalo linaua hedi nyingi kimyakimya. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, hedi inarudi pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira kinachoizuia isikauke. Ukizima kwa swichi ya ekstensheni wakati wa kufunga duka, au umeme ukikatika katikati ya kuchapa, hedi inabaki wazi popote ilipokuwa. Usiku mmoja unatosha kukausha nozeli kadhaa. Umeme ukirudi, iwashe, isubiri itulie, kisha izime kwa kitufe. Na usikae wiki nzima bila kuchapa. Picha moja ndogo yenye rangi zote, kila baada ya siku mbili tatu, ni bei rahisi kuliko hedi.

Wino wenyewe nitausema kwa ufupi. Chupa zote sita ziwe za mtengenezaji mmoja na za aina ambayo printa imeagizwa kutumia. Ukijaza majenta ya chapa moja na sayani ya chapa nyingine kwa sababu moja iliadimika sokoni, umebadilisha urefu wa figa moja, na hakuna mpangilio wa kiwandani utakaokufaa tena. Picha ya rangi itakuvumilia, ya kijivu haitakuvumilia. Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya wino wa rangi iliyoyeyushwa na ule wa chembechembe ndani ya tanki moja. Zinaweza kugandana, na mgando ukiingia kwenye hedi haurudi.

Karatasi ndiyo inayosahaulika. Glosi tunayoinunua madukani ni za aina mbili. Moja ni karatasi ya kawaida iliyopakwa tabaka la kung'aa upande mmoja. Ukiugusa mgongo wake kwa kidole chenye maji unanyonya, na ukiichana unaona nyuzi za karatasi. Nyingine, inayoandikwa RC kwenye pakiti, imefunikwa plastiki pande zote mbili. Mgongo wake haunyonyi maji, na mara nyingi ni nzito, gramu 200 hadi 260. Kwa picha ya mzee ya kutundikwa, chukua RC. Ile nyingine inanyonya wino mpaka ndani, inajikunja, na giza lake linakuwa kama la mkaa uliomwagiwa maji.

Printa haijui umeweka karatasi gani, inaamini ulichochagua. Uchaguzi wa aina ya karatasi kwenye draiva ndio unaoamua kiasi cha wino na uwiano wa rangi. Ukiacha Plain Paper huku umeweka glosi, umeiambia printa ipike wali kwa kipimo cha ugali. Ukichagua glosi ya daraja la juu kwa karatasi nyepesi ya bei rahisi, wino unazidi uwezo wa tabaka, unatuama, na vifungo vya koti vinazama. Hicho kinaweza kuwa ndicho kilichokupata. Jaribu chaguo mbili au tatu za glosi zilizomo kwenye draiva yako kwa picha ileile. Utashangaa ukijani unavyobadilika bila kugusa kitu kingine.

Na kumbuka tulipo. Mtwara na Lindi tunakaa na bahari, na kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zinapokuwa zimeshika, hewa inakuwa nzito kwa unyevu. Tabaka la glosi limetengenezwa linyonye maji, kwa hiyo pakiti ikiachwa wazi juu ya kabati inanyonya unyevu wa hewa kabla hata wino haujafika. Karatasi ya namna hiyo haikauki upesi, wino unatambaa, na giza linajaa. Rudisha karatasi kwenye mfuko wake, mfuko uweke ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme. Toa unazotumia tu.

Kisha kuna suala la wapishi wawili kwenye chungu kimoja, na hili nalikuta kwa karibu kila anayetumia Photoshop. Dirisha la kuchapa linakuuliza nani asimamie rangi. Ukichagua Photoshop Manages Colors, na huku draiva ya printa nayo imewashiwa marekebisho yake, rangi zinarekebishwa mara mbili. Kijivu ndicho kinachoumia kwanza. Lazima mmoja akae kando. Kama una profaili, yaani faili linaloeleza rangi zinavyotoka, iliyotengenezwa kwa karatasi hiyohiyo na wino huohuo, mwachie Photoshop, na kwenye draiva uzime marekebisho yote. Kama huna, na nadhani huna, chagua Printer Manages Colors, uiachie draiva kazi yote. Ukiwa humo humo, weka ubora wa juu kabisa na uzime High Speed, ili hedi iteme wino ikienda upande mmoja tu. Kazi itachukua karibu muda mara mbili, lakini michirizi ya mlalo, kama ipo, itapungua sana.

Sasa tengeneza kipimo chako. Kwenye Photoshop chora ukanda wa visanduku 21, kutoka weupe wa asilimia 0 hadi weusi wa asilimia 100, kila kimoja kikizidi mwenzake kwa 5, na uandike namba chini yake. Uchape kwenye kipande cha sentimita 10 kwa 15, usiharibu A4 nzima. Usiuhukumu ukitoka. Wino wa namna hii unabadilika rangi ukikauka, na hukumu ya dakika ya kwanza ndiyo inayomfanya mtu azungushe vitufe siku nzima. Uache mpaka kesho. Saa nne asubuhi utoe kivulini barazani, usiuweke juani, ndipo uutazame.

Ukanda utakujibu maswali mawili. Je, ukijani uko kote kwa kiasi kimoja? Kama ndivyo, marekebisho madogo ya draiva yanatosha. Kwenye draiva za Epson, kwa mfano, ukichagua Custom badala ya Automatic utakuta vitelezi vya sayani, majenta na njano. Ongeza majenta kwa 2, chapa ukanda, andika namba nyuma yake kwa kalamu, subiri ukauke. Nenda kwa hatua ya 2 au 3, usiruke 10, kwa sababu jicho lililochoka kuangalia kijani litaridhika na pinki. Ukipata namba inayofaa, ihifadhi kwa jina la karatasi husika. Ukibadilisha karatasi, namba hiyo haina kazi.

Lakini kama kijivu cha juu ni kijani na cha chini ni cha pinki, vitelezi havitakusaidia, maana kila ukisukuma upande mmoja unaharibu mwingine. Hapo dawa ni profaili ya karatasi yako. Inatengenezwa kwa kuchapa ukurasa wa visanduku vya rangi bila marekebisho yoyote, ukauke siku nzima, kisha usomwe kwa kifaa kinachopima rangi ya kila kisanduku. Kifaa hicho hakina maana kukinunua kwa duka moja. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa malipo baada ya kutumiwa ukurasa uliochapwa.

Swali la pili ambalo ukanda unajibu ni la koti. Tazama visanduku vya mwisho. Ukiona cha 90, 95 na 100 ni weusi mmoja usiotofautishika, maana yake printa yako, kwa karatasi hiyo, haioni chochote kilicho cheusi kuliko asilimia 90. Vifungo vya mzee vilikuwa humo. Kwenye Levels, chini kabisa penye Output, kile kitelezi cheusi kilicho mwisho wa kushoto kisogeze kulia kutoka 0 hadi kama 22. Usiogope kwamba weusi utakuwa wa kijivu. Kwa kuwa printa inavimeza vyote vilivyo chini ya hapo, 22 itatoka nyeusi kamili, na vifungo sasa vitakuwa juu ya mstari wa kuonekana. Baada ya hapo unaweza kuinua koti kidogo kwa Curves. Halafu punguza mwanga wa laptopu. Skrini iliyowashwa mpaka mwisho kwenye duka lenye kivuli inakudanganya kwamba koti lina mwanga. Fungua ukurasa mweupe mtupu, shika karatasi nyeupe kando yake, punguza mpaka vifanane.

Grayscale uliyoijaribu inafanya kile jina lake linachosema, na pengine zaidi. Kwenye mashine nyingi inaizuia printa isitumie rangi, ikabaki na wino mweusi peke yake. Mafiga hayapo, kwa hiyo ukijani haupo. Ila kijivu cha shavu kinapatikana kwa kutawanya nukta chache nyeusi kwenye eneo jeupe, na ndio mchanga unaouona. Kuna mashine ambazo Grayscale bado inachanganya rangi kidogo. Ya kwako utaijua ukikuza nukta kwa kamera ya simu. Siidharau njia hii. Picha ya A4 itakayotundikwa juu ukutani na kutazamwa kutoka mita mbili, mchanga hauonekani, na ukiwa na haraka ya shughuli ya kesho ni bora kuliko mzee wa kijani. Kwa picha ya kushikwa mkononi haifai.

Jirani yako naye hakuokota maneno hewani. Ipo kweli wino maalumu ya kijivu cha viwango mbalimbali inayojazwa kwenye matanki yote, kama Piezography ya Jon Cone wa Marekani, na matokeo yake ni mazuri mno. Lakini ile ni kijivu kilichopunguzwa kwa vipimo, na ina programu yake ya kuiendesha. Ukijaza weusi wa kawaida kila tanki, draiva itaendelea kuamini kwamba tanki la majenta hafifu lina rangi hafifu. Itammiminia mzee weusi usoni mpaka apotee. Na hata ukiwa na wino wenyewe sahihi, printa hiyo haitatoa tena pasipoti saizi ya rangi, ambayo nadhani ndiyo inayolipa kodi ya fremu yako.

Kuhusu usiku na mchana, macho yako ni mazima. Kijivu kilichoundwa kwa rangi tatu kinategemea mwanga unaokiangukia. Taa ya dukani na jua la asubuhi vina mchanganyiko tofauti wa mwanga, na kila wino unarudisha mwanga huo kwa namna yake. Kwa printa yako jambo hili halitaisha, linapunguzwa tu. Muulize mteja picha itakaa wapi, sebuleni au barazani, ukaihukumu kwenye mwanga wa namna hiyo. Na kuna ujanja ambao mimi nauona wa heshima kabisa: usikimbizane na kijivu kamili. Ipe picha joto kidogo, kijivu cha kati kikitoka 128, 128, 128 kiwe 131, 128, 123. Jicho linausamehe udhurungi mwepesi kuliko linavyousamehe ukijani, hasa kwenye picha ya zamani. Mteja mwenyewe atakwambia imekaa kizamani, na ataipenda.

Kuskani ni somo lake, nitakupa yanayohusu swali lako tu. Kipicha cha sentimita 9 kikikuzwa hadi urefu wa A4 kinaongezeka mara 3.3. Ili upate pikseli 300 kwa inchi mwishoni, unahitaji karibu 1000 mwanzoni, kwa hiyo skani kwa 1200. Wengi wanaskani kwa 300, wanakuza, kisha wanailaumu printa kwa ukungu. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, uitazame chaneli moja moja, yaani nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Madoa ya njano na ya chai yanafifia kwenye chaneli nyekundu. Picha iliyopauka yote ikawa ya njano, mara nyingi sura iliyobaki iko kwenye chaneli ya buluu. Wenye picha za wazee wao wa enzi za ukoloni, za ile reli ya mradi wa karanga wa Nachingwea, wanazo nyingi za namna hii ya pili, na chaneli hiyo inarudisha sura ambazo familia ilishazikatia tamaa.

Kununua mashine nyingine? Zipo printa za matanki zenye kijivu halisi, kama Epson L8180 na Canon G540. Kijivu kikiwa na tanki lake, mafiga yanabebeshwa mzigo mdogo, na chungu hakiinami ovyo. Tofauti inaonekana. Lakini karatasi mbovu na wapishi wawili vitaiharibu nayo vilevile, kwa hiyo hesabu kwanza unapata picha ngapi za wazee kwa mwezi. Zikiwa tatu nne, hiyo ya kwako ikirekebishwa inatosha. Kwa kazi moja kubwa ya familia unaweza pia kutuma faili maabara ya picha Dar es Salaam na kuisubiri kwa basi. Waambie wazi kwamba unataka kijivu kisicho na rangi, la sivyo mashine yao nayo itakupa ukijani wake.

Picha ikishatoka sawa, usiiharibu mlangoni. Iache wazi masaa 24 kabla ya fremu, na msimu wa mvua siku mbili zikipita si vibaya. Ukiipitisha kwenye laminesheni ya moto ingali na unyevu, unyevu unanaswa ndani na giza linavimba. Ndani ya fremu weka kingo za kadibodi ili uso wa picha usigusane na kioo. Mwambie mteja asiitundike panapopigwa na jua, na wewe utunze faili, kwa sababu wino wa aina hii unapauka na ipo siku atarudi.

Fundi mwite ikiwa mapengo yamebaki baada ya kuosha mara tatu na kulala usiku mzima, ikiwa unaona hewa ndani ya mirija ya wino, ikiwa wino umevuja chini ya mashine, au ikiwa printa inakataa kazi na kutaja sponji. Hiyo sponji ibadilishwe. Kuna wanaofuta hesabu yake kwa programu na kuiacha ileile iliyojaa, na wino ukifurika utaukuta kwenye meza na juu ya makaratasi ya wateja. Usikubali spiriti wala asetoni kwenye hedi, na mwambie achape Nozzle Check mbele yako kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, ubaki na kurasa zote mbili.

Kuhusu picha zenyewe wanazokuletea, kuna kosa moja ambalo Photoshop haiwezi kulirudisha. Picha ya siku nyingi iliyoganda kwenye kioo cha fremu, usiibandue, hata mwenyewe akikuhimiza. Unyevu wa pwani umeifanya tabaka lake liwe gundi, na utakachokibandua ni uso wa mzee. Futa kioo kwa nje kwa kitambaa kikavu, kilaze juu ya skana pamoja na picha yake, na uskani hivyohivyo.